ID feki siyo faragha

Makamanda, likizo hii nikiwa nyumbani Mpanda, kijana mmoja wa tawi letu la Makanyagio alinionyesha simu yake huku anacheka. Kaandika mtandaoni jinsi mbolea ya ruzuku inavyopotea kabla ya kumfikia mkulima. Jina la kubuni, picha ya kiboko. "Wakili, hapa hawanipati." (Wananiita wakili tangu mwaka wa kwanza, kumaliza chuo kwenyewe bado.)

Nikamuuliza: laini umesajili kwa kidole cha nani?

Akanyamaza.

Tunachanganya mambo mawili. Siku ya kura mtaa mzima unakuona kwenye foleni, ila hakuna anayejua umemchagua nani. Hiyo ni faragha: wewe unajulikana, ulichofanya kimefichwa. Sanduku la maoni ni kinyume chake. Karatasi inasomwa, mwandishi hajulikani. Kijana wetu yuko kwenye sanduku la maoni, na analihitaji kweli, maana Mpanda tunajuana. Wapo viongozi wetu wanaosema mkweli aandike kwa jina lake. Rahisi kusema hivyo ukiwa Dar, umezungukwa na kamera na mawakili.

Shida ni kwamba ufunguo wa sanduku anao mtu mwingine. Tangu 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 32, inampa mkuu wa kituo cha polisi mamlaka ya kuamuru aliye na data azitoe kwa ajili ya upelelezi. Mkuu wa kituo, siyo hakimu! Mahakamani wanakwenda pale amri hiyo ikishindikana.

Maxence Melo wa JamiiForums aligoma kutoa taarifa za watu walioandika kwake kwa majina ya bandia. Desemba 2016 akakamatwa. Aprili 2020 Mahakama ya Kisutu ikamtia hatiani kwa kuzuia upelelezi, faini shilingi milioni 3. Yaani siri ya wale waandishi ilibebwa na mgongo wa mtu mmoja aliyekubali kuburuzwa mahakamani zaidi ya miaka mitatu. Je, anayetunza data zako wewe ana moyo huo?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano yetu. Basi tudai kifungu cha 32 kibadilishwe: hakimu aone sababu kwanza, ndipo jina litolewe.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Juzi skrinshoti ya gurupu la tawi ilizagaa mjini kikao hakijaisha, na namba ya dada aliyeuliza kuhusu fedha za tawi inaonekana waziwazi. Hapo hakuna polisi aliyetuamuru. Ni mkono wa mwenzetu.

Kijana wetu nimemweleza yote haya. Kanisikiliza vizuri, halafu kabadilisha picha. Sasa ni twiga, laini ile ile.