Anayekagua Naye Ni Fundi

Wadau, mimi mwandishi wa habari; bila mhariri ningeshaumbuka zamani. Ndiyo maana nawaheshimu wanaokagua draiva za kibodi na mausi kwenye kiini cha Linux, alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 na ambacho leo kimo hata ndani ya simu za Android.

Ukitaka kubadili draiva, unatuma marekebisho kwa baruapepe, wenzako wanayasoma mstari kwa mstari kabla hayajapokelewa. Kazi ya kuchosha, ila macho yakipitiwa tunaumia. Mwaka 2016 iligundulika kwamba gtco, draiva ya vibao vya kuchorea vya USB, ilidhani kila kifaa kinachochomekwa kina njia ya kupitishia data. Mtu akichomeka kifaa cha hila kisicho nayo, kompyuta nzima inagoma! Dawa yake ilikuwa mistari michache tu: kagua kwanza, ndipo uamini.

Vijana wetu wanaosomea kompyuta wote wanataka kuandika programu. Nani atazisoma? Mimi nasema mkaguzi apewe heshima, na malipo, sawa na mwandishi.

Mnaonaje?