Figo likikataliwa, aliyelitoa hana kosa



Kisha mkutano wa juma lililopita, mama mmoja alibaki nyuma akatungojea mlangoni. Katika jamaa yao, kijana alimtolea dada yake figo. Waliuza kiwanja, wakasafiri mpaka India, operesheni ikaenda vizuri. Miezi michache kisha kurudi, mwili wa dada ukaanza kulikataa figo lile, na waganga sasa wanapigana kuliokoa. Nyumbani maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema kijana alitoa kwa moyo nusu. Wengine wanatafuta aliyeroga. Mama huyo akatuuliza: "Mwalimu, figo linaweza kukataliwa juu ya chuki?"

Tulimjibu kwa ufupi: hapana. Leo tunajibu kwa urefu, kwa sababu swali hili linaweza kuvunja nyumba.

Tuanze na mama mwenzetu wa Ufaransa. Mnamo Desemba 1952, mjini Paris, kijana wa miaka 16 jina lake Marius Renard alianguka kutoka juu ya jengo akiwa kazini. Figo lake liliumia vibaya, waganga wakalitoa. Ndipo walipogundua kwamba alizaliwa na hilo moja tu. Mama yake, Gilberte, akawasihi wachukue la kwake. Usiku wa Noeli, katika hospitali ya Necker, figo la mama likatiwa ndani ya mwili wa mtoto, na mara moja likaanza kutoa mkojo. Watu wakafurahi. Lakini siku ya 22 likasimama, na mwishoni mwa Januari 1953 Marius akafariki.

Nani kati yetu anaweza kusema kwamba Gilberte alitoa kwa moyo nusu? Alitoa kwa moyo wote, na bado figo lilikataliwa. Basi sababu tuitafute pengine.

Sababu ni walinzi wa mwili. Ndani ya damu kuna chembe nyeupe zinazozunguka usiku na mchana zikitafuta adui: vijidudu vya kifua kikuu, vya homa, vya kidonda. Zinajuaje nani adui na nani wa nyumbani? Fikirieni tarehe 8 Machi, tunapotembea barabarani kila kikundi na kikwembe chake. Mama akiingia katika mstari wetu na kikwembe kingine, tunamwona mara moja, hata kama ni mtu mwema. Chembe za mwili nazo zina kikwembe chao: ni alama ndogo juu ya kila chembe. Walinzi wanasoma alama, hawasomi moyo.

Kikwembe hicho kina vipande viwili, kimoja cha baba na kimoja cha mama. Marius alikuwa na kipande kimoja cha Gilberte. Kile kingine cha Gilberte hakuwa nacho, na hicho ndicho walinzi wake walichokiona kuwa kigeni. Kwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kuna nafasi moja kati ya nne kwamba wawili watafanana vipande vyote, nafasi mbili kwamba watafanana kimoja, na nafasi moja kwamba hawatafanana hata kimoja. Ndiyo sababu waganga wanapima damu za ndugu wengi kabla ya kuchagua. Na hata ndugu wanaofanana vipande vyote wana alama nyingine ndogo zinazotofautiana.

Mapacha wa yai moja ndio wanaovaa kikwembe kimoja kabisa. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, muganga Joseph Murray na wenzake walichukua figo la Ronald Herrick wakampa pacha wake Richard. Kabla ya hapo waliwabadilishia vipande vidogo vya ngozi, wakaona havikataliwi. Figo lilikubaliwa vilevile. Richard akaoa, akaishi miaka 8 zaidi. Ronald, aliyetoa, aliishi na figo moja mpaka mwaka 2010.

Sasa, vita vyenyewe vinaendaje? Walinzi wanapoona alama ngeni, wanaitana na kuongezeka. Wengine, ambao waganga wanawaita limfositi T, wanaingia ndani ya figo na kuua chembe zake. Wengine wanatengeneza silaha ndogo zinazoitwa kingamwili, ambazo zinashika mishipa ya damu ya figo na kuiharibu. Kazi hiyo inataka siku kadhaa, ndiyo sababu figo la Gilberte lilitumika vizuri kwanza, halafu likasimama.

Lakini walinzi wana kumbukumbu. Kama waliisha kukutana na alama fulani, silaha zinakuwa tayari, na figo linaweza kuharibika kwa dakika au saa chache. Hapo sisi wamama tusikilize vizuri. Mtoto tumboni anavaa nusu ya kikwembe cha baba yake. Mungu amelinda tumbo lisimfukuze, lakini damu ya mama inaweza kujifunza alama za baba na kuzikumbuka. Kwa hiyo mume anayetaka kumpa mama wa watoto wake figo anaweza kukuta damu ya mke inalikataa tangu mwanzo, hata kama wanapendana sana. Damu tuliyoongezewa hospitalini inaweza pia kufundisha walinzi. Hiyo si sababu ya kukataa damu mtoto anapokufa kwa malaria, hata kidogo. Ni sababu ya kumwambia muganga kweli yote: mimba ngapi, pamoja na zilizotoka, na damu mara ngapi.

Kwa wasio mapacha, njia ni dawa za kutuliza walinzi. Ya kwanza zilianza kutumika miaka ya 1960. Nyingine, siklosporini, ilitolewa katika kuvu ya udongo, ikaruhusiwa Marekani mwaka 1983, na mafigo mengi zaidi yakapona. Dawa hizi haziwaondoi walinzi. Zinawatuliza tu, na usingizi wao ni mwepesi. Mgonjwa akiacha vidonge kwa sababu anajisikia vizuri, wanaamka. Hata kisha miaka kumi wanaamka.

Na kwa sababu walinzi wametulizwa, vijidudu vinapata njia. Mgonjwa alale ndani ya chandarua, anywe maji yaliyochemshwa, ale chakula kilichoiva. Asile pamplemusi, kwa sababu inaongeza nguvu ya baadhi ya dawa hizo mpaka inadhuru. Asinywe dawa ya majani bila kumwuliza muganga. Akipata kifua kikuu aseme mapema kwamba ana figo la kupewa, kwa sababu rifampisini inapunguza nguvu ya dawa zake.

Mkojo ukipungua, miguu ikivimba, uzito ukipanda kwa siku chache, homa ikija, au mahali pa figo pakiuma, aende hospitali siku hiyohiyo. Mara nyingine hakuna dalili yoyote, ni kipimo cha damu tu kinachoonyesha. Kwa hiyo tarehe za kupima zisirukwe. Kukataliwa kukionekana mapema, mara nyingi waganga wanaweza kukuzima kwa dawa za nguvu zaidi.

Tuliona jambo moja katika vikundi vyetu. Watu wakichangia mgonjwa, wanahesabu tiketi na operesheni, halafu wanasahau vidonge vya kila mwezi. Kikundi kinachotaka kusaidia kwa kweli kiweke hesabu ya vidonge mbele, kama tunavyoweka zamu za likelemba.

Na wewe mama uliyetungojea mlangoni, nenda ukawaambie watu wa nyumbani: kijana alitoa kilicho ndani ya mwili wake, na hakitarudi. Hata figo lile likipotea, zawadi yake ilikuwa kamili. Walinzi wa dada yake hawakumjua, ndiyo yote. Akae katikati yenu kwa heshima, na mkae pamoja kuhesabu vidonge vya dada.

Mkae na amani. Tuonane juma lijalo.