BARAZA YETU: Samaki Mkubwa, Ndooni au Baharini?



Jumapili moja ya mwezi wa Agosti, aila kadhaa za hapa Greyville tulikwenda Blue Lagoon, pale Mto Umgeni unapoingia baharini. Wanaume na vijana walishika mishipi, akina mama wakaandaa chai na maandazi. Haukupita muda, kijana wetu mmoja akavua shadi mkubwa ajabu, na watoto wakashangilia. Kijana akamtoa ndoana, akamshusha majini taratibu, akamwacha aende zake.

Mzee mmoja aliinuka kitini. "Mwanangu, rizki umeletewa mpaka mkononi, nawe wairudisha?"

"Niwie radhi, mzee wangu," akajibu kijana kwa adabu. "Ndooni mna watatu wa kiasi, nao watatutosha. Huyu nimeiachia bahari."

Maneno hayo yalitufuata mpaka barazani baada ya sala ya Isha, na wengi wametutaka tuyaandike. Twayaandika basi, tukimpa kila mmoja haki yake.

Hoja ya mzee si nyepesi. Chakula cha baharini tumehalalishiwa katika Qur'ani Tukufu, Sura ya Al-Maida. Tena sisi tu wageni katika nchi hii; kodi ya nyumba haisubiri, na samaki mmoja mkubwa huilisha nyumba kwa siku mbili. Zaidi ya hayo, mzee alisema neno ambalo kila mvuvi alitie moyoni: anayemchoma kiumbe ndoana kwa ajili ya mchezo tu, kisha akamtupa majini na kumvua mwingine, amemtesa bila haja. Dini yetu imekataza kuwatesa wanyama, na samaki ni mmoja wao.

Sasa tumsikilize kijana. Sheria ya hapa yamruhusu mwenye kibali kuchukua shadi wanne kwa siku. Aliye chini ya sentimita 30 hurudishwa, na katika miezi ya Oktoba na Novemba haruhusiwi kuchukuliwa hata mmoja. Sababu yake ni kwamba shadi hupanda kutoka Rasi wakati wa baridi, nyuma ya makundi ya dagaa, kisha hutaga mayai katika bahari hii yetu. Basi yule wa nne kijana angeweza kumchukua, wala hapana askari ambaye angemuuliza. Sheria humlinda mdogo ili apate kuzaa japo mara moja. Juu ya mkubwa imenyamaza.

Lakini mkubwa ndiye mzazi hasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 juu ya mamia ya aina za samaki wa baharini ulionyesha kwamba, katika aina nyingi, jike kubwa hutaga mayai mengi kupita kiasi cha uzito wake. Maana yake, jike moja la kilo mbili hutaga zaidi ya majike mawili ya kilo moja moja. Kwa hiyo anayechukua wawili wa kiasi na kumwacha mkubwa amepata kitoweo kilekile, na bahari imebakiwa na mayai mengi zaidi.

Wazee wetu walisema: bandu bandu huisha gogo. Ushahidi upo hapa hapa Durban. Yuko samaki ambaye watu wa hapa humwita kwa hesabu, "sabini na nne". Mwanzoni mwa karne ya 20 mashua za mshipi za Natal zilimleta pwani kwa wingi mno. Samaki huyu hukawia kupevuka, na wakati wa kutaga hujikusanya makundi makubwa, na wavuvi walipajua mahali hapo. Wakawavua wazazi wenyewe, mwaka baada ya mwaka, hata kufikia miaka ya 1960 samaki huyo akawa adimu. Mwaka 1998 serikali ikapiga marufuku kumvua kabisa. Hakuna aliyekusudia kummaliza. Kila mmoja alijaza ndoo yake tu.

Kwetu Afrika Mashariki nako jambo hili si geni. Nchi tatu zilizolizunguka Ziwa Viktoria ziliwahi kuweka kanuni kwamba sangara wa kupelekwa viwandani awe kati ya sentimita 50 na 85: mdogo aachwe akue, na mkubwa aachwe azae.

Baada ya kupima maneno ya pande zote mbili, sisi twaona hivi. Kwanza, mtu asivue ila kwa haja ya kula. Akishapata cha kumtosha, akunje mshipi wake arudi nyumbani. Hapo ndipo hoja ya mzee inaposimama, nasi twaiunga mkono. Pili, akiwa na wa kiasi ndooni, kisha Mwenyezi Mungu akamletea mkubwa aliye mzima, amrudishe. Huko si kuikataa rizki, bali ni kuiweka akiba, na wahenga walisema akiba haiozi. Tatu, mwenye nyumba yenye njaa, ambaye hakupata mwingine ila huyo mkubwa, amchukue kwa mujibu wa sheria, amle na watoto wake, wala mtu asimnyooshee kidole.

Anayemrudisha samaki na amrudishe kwa ihsani. Alowanishe mikono kwanza, kwani mkono mkavu humwondolea samaki ute unaomkinga na maradhi. Asimburure juu ya mchanga wala mawe, asimtie vidole katika matamvua, wala asimweke juu ili kila mtu amtazame. Meno ya shadi ni makali, basi atumie koleo kutoa ndoana; ikiwa imemezwa mbali, akate mshipi karibu na mdomo. Na akimwona mkubwa wa halali anavuja damu nyingi, huyo amchukue, kwani kumtupa ili akafie majini ni israfu.

Twamalizia kwa habari njema. Ijumaa iliyofuata, yule mzee alimwita kijana mbele ya jamaa, akamwambia: "Mwanangu, yule samaki bado namsikitikia. Lakini wajukuu zangu nao watataka kuvua." Kisha akamtaka amfundishe mjukuu wake mkubwa kutoa ndoana bila kumjeruhi samaki.

Wabillahi tawfiq.