Siku 22: tuhesabu sisi wenyewe

Vijana wengi wa Uvira, Kalundu na Kavimvira wameacha ziwa na mashamba ya Ruzizi, wakaenda kutafuta makuta kwenye migodi. Wengine wamefika mpaka Kolwezi. Mwaka 2021, mashirika RAID na CAJJ yalionyesha kwamba kwenye migodi mitano mikubwa ya kule, zaidi ya nusu ya wafanyakazi hawakuwa wa kampuni yenyewe: walikuwa wa sous-traitance.

Mwenye kufanya kazi hiyo anajua masumbuko yake. Kaske iko na jina la kampuni moja, baji iko na jina la ingine. Asubuhi unafika getini, jina haliko kwenye liste. Bote zimepasuka: chef d'équipe anasema "uliza ajansi", ajansi inasema "uliza mgodi". Jioni bibi anauliza makuta itaingia lini, na wewe mwenyewe haujui. Kila jambo ni dogo. Lakini yakijikusanya, mtu anarudi nyumbani na hasira, na watoto njo wanaipokea.

Kugombana na chef getini hakusaidii. Mara nyingi yeye pia ni jurnalie, anaogopa kama wewe. Kumaliza hasira kwenye pombe kunakula makuta ya chakula. Sisi tunashauri kitu kimoja: nunua kaye. Andika kila siku tarehe, saa, nani alikuita, kiasi ulicholipwa.

Sababu iko kwenye Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, kifungu cha 40. Jurnalie akishamaliza siku 22 za kazi katika miezi miwili, na akichukuliwa tena mbele ya miezi hiyo kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na mwisho. Kwa hiyo usishangae ukiambiwa "pumzika kwanza" wakati unakaribia hesabu hiyo. Bila kaye, hesabu inabaki kwa ajansi peke yake.

Tena bote na kaske si zawadi. Ni deni la mwajiri.

Mtu mmoja akidai peke yake ataogopa kufutwa, na ana haki ya kuogopa. Basi muende watatu, wane, kila mmoja na kaye yake, kwa delege wa sendika ao kwa Inspection du Travail. Nanyi mama mliobaki Uvira, bwana akipiga simu, andikeni siku zake pia. Kaye mbili ni ngumu kukana.