Programu ya zamani bado ni mtaji

Makampuni yanayobadili mitambo ya kompyuta hushawishiwa mara kwa mara kutupa programu za zamani na kulipia nyingine ziandikwe upya. Mara nyingi ushauri huo humfaidi muuzaji kuliko mnunuzi.

Mfano ni LAPACK, mkusanyo wa programu za hesabu uliotolewa mwaka 1992. Uliandikwa kwa Fortran, lugha ambayo IBM iliitoa mwaka 1957. Hadi leo anayetumia Python huandika mstari mmoja tu, na maktaba ya programu iitwayo SciPy huikabidhi LAPACK kazi ya kukokotoa. Lugha mpya huagiza, ya zamani hutenda.

Hata hivyo, mpakani pana ushuru. Fortran hupanga jedwali la namba kwa safu wima. C hulipanga kwa safu mlalo. Fundi asiyejua tofauti hiyo anaweza kupata jibu la uongo bila onyo lolote.

Kabla ya kusaini mkataba, mwenye kampuni aulize: ni nani hapa anayezijua lugha zote mbili? Akikosekana, mtaji huo utageuka deni.