Lisilovuja Nalo Hulowesha

Wauza makoti ya mvua wana mbinu moja ya kumnasa mnunuzi, na wanaitumia vilevile Mpanda mjini na kwenye minada ya vijijini huku bonde la Rukwa. Koti limetundikwa kwenye kamba. Muuzaji anafungua chupa ya maji, anamimina begani, maji yanateleza hadi chini, kisha anaingiza mkono ndani na kuutoa mkavu. "Umeona, bosi? Hata tone!" Mnunuzi anaitikia kwa kichwa, pesa zinahesabiwa. Hakuna anayeuliza swali lenye maana kuliko yote: mbona ndani ya koti hilo hamna mtu?

Watu wengi, waliosoma na wasiosoma, wanaamini kwamba koti zuri la mvua ni lile lisiloingiza hata tone, na kwamba likiwa zito zaidi au ghali zaidi ndilo imara zaidi. Ukiwaambia vinginevyo wanakuona unautetea umaskini. Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo kwa yeyote anayetembea kwa miguu katika nchi hii, na uongo wake unajianika Kasansa kuliko mahali pengi, kwa sababu Kasansa ina vyote viwili: joto la bondeni na mlima uliosimama kama ukuta.

Kwa wasioifahamu, Kasansa iko Mpimbwe, mkoani Katavi, kwenye barabara itokayo Kibaoni kwenda Muze na Ilemba upande wa Rukwa. Bonde liko mita 800 hivi juu ya usawa wa bahari. Magharibi ni mlima wa Lyamba lya Mfipa, na ukishaupanda unatokea nyanda za juu za Ufipa, ambako mji wa Sumbawanga uko kwenye mita 1,800 hivi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, mwaka mwingine hadi Mei. Kwa hiyo mvua kubwa zinatukuta katika miezi ya joto, hewa yenyewe ikiwa imeshiba unyevu kabla ya tone la kwanza kudondoka.

Sasa mvalishe mtu koti la mpira hapo, mtwishe kilo 15 mgongoni, mwambie apande. Mtu anayefanya kazi nzito kwenye joto hutokwa na jasho hadi lita moja kwa saa, na wengine zaidi. Lita hiyo inapaswa igeuke mvuke na kuondoka, kwa sababu mwili haupoi kwa kutoka jasho. Unapoa jasho linapokauka. Ndani ya koti lisilopitisha kitu, jasho halina pa kwenda. Linashuka mgongoni, linatuama kiunoni alipokaza mkanda, linaingia kwenye suruali. Baada ya nusu saa fulana unaweza kuikamua. Mvua haikuingia, muuzaji hakudanganya. Maji yametoka ndani, tena haya yana chumvi ya kuchubua kwapa na mapaja.

Ugonjwa huu ni wa zamani. Charles Macintosh, mkemia wa Glasgow, alipata hataza mwaka 1823 ya kitambaa chenye mpira uliobanwa katikati ya tabaka mbili za nguo, na koti lenye jina lake likaenea Uingereza. Wavaaji walilalamikia harufu, walilalamikia jasho. Hiyo ni Uingereza, nchi ya baridi! Miaka 200 baadaye tunauziwa wazo lilelile, ila sasa lina rangi ya jeshi na mifuko mingi.

Wenye fedha watasema hayo ni makoti ya kizamani, siku hizi yapo yanayopumua. Ni kweli yapo. Robert Gore aligundua namna ya kuvuta utando wake huko Marekani mwaka 1969, na kitambaa cha Gore-Tex kikaingia sokoni mwaka 1976. Utando ule una vitundu vidogo mno, tone la maji halipiti ila mvuke wa jasho unapita. Ni kazi ya kiufundi ya kuheshimika, na anayeiita utapeli hajui asemalo. Lakini mvuke haujali bei ya koti. Unasukumwa na tofauti iliyopo kati ya ndani na nje. Ngozi yenye jasho ikiwa na nyuzijoto 35, mvuke wake una msukumo wa kilopaskali 5.6. Katika mvua ya milima ya Ulaya, hewa ya nje ikiwa nyuzi 5, msukumo wa mvuke nje hauzidi kilopaskali 0.9. Pengo ni kubwa, jasho linatoka mbio. Katika mvua ya bondeni kwetu, hewa ikiwa nyuzi 25 na imeshiba unyevu, msukumo wa nje ni kilopaskali 3.2. Pengo limebaki 2.4, nusu tu ya lile la Ulaya. Koti ni lilelile, umelinunua kwa bei ya ng'ombe, na linakufanyia nusu ya kazi.

Hiyo nusu nayo ni ya koti jipya. Makoti mengi ya aina hiyo yanayofika kwetu ni mitumba. Kitambaa chake cha nje hupakwa dawa ya kuyafanya matone yabingirike, na dawa hiyo huisha kwa kufuliwa, kwa jasho, kwa vumbi na kwa moshi. Ikiisha, kitambaa kinakunywa maji, tabaka la maji linatanda juu ya vile vitundu, na mvuke unakosa njia. Ukitaka kulikagua koti la mtumba, achana na mgongo. Ligeuze ndani nje, utafute utepe uliobandikwa juu ya mishono ya mabega, pale mikanda ya begi inaposugua. Ukikuta umeinuka ukingoni na unabanduka kwa kucha, rudisha koti kambani. Na hata ukilipata zima, mwenge wa kurinia asali utalimaliza siku moja. Cheche zikidondokea nailoni zinaacha matundu yenye kingo nyeusi ngumu, na sijui fundi anayeweza kuyaziba yakazibika.

Nashuku kwamba imani hii tumeazima kwa wawindaji wa nchi za baridi. Mgeni anayekuja kuwinda kwenye vitalu vya Katavi na Rukwa hufika na koti lililoshonwa kwa ajili ya milima ya Scotland au Alaska. Msimu wa uwindaji wa kitalii unafunguliwa Julai, kiangazi kitupu. Koti lake linaishia kuwa mto wa kulalia kwenye gari, na akiondoka anamwachia mtu kama zawadi. Wanaotembea porini masika ni wengine kabisa: askari wa mamlaka ya wanyamapori, TAWA, kwenye mapori ya akiba ya Rukwa na Lwafi, askari wa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, warina asali, wachungaji, na mama anayepanda Ufipa kumjulia hali mwanawe aliyejifungua. Hao hawajawahi kuulizwa na mshona makoti yeyote.

Wangeulizwa, wangeanza na jambo ambalo chupa ya maji haiwezi kulionyesha, nalo ni masikio. Katavi ni nchi ya nyati na tembo. Masika nyasi zikisimama huoni hatua 10 mbele yako, na kinachokuponya ni kusikia. Funika kichwa kwa kofia ya nailoni, mvua ipige ngoma juu yake, na kila unaposogeza shingo kitambaa kichakarike sikioni. Ukigeuka kutazama pembeni, kofia haigeuki nawe. Unabaki unatazama bitana. Mwenye uzoefu huivua hata mvua ikiwa inamwagika, akavaa kofia ya kitambaa yenye ukingo mpana, maji yakadondokea mbali na uso. Mwindaji naye ana hasara mara mbili, kwa kuwa koti linalochakarika linapeleka taarifa kwa mnyama kabla yeye hajafika.

Basi tuvae nini? Nianze na kifaa kinachochekwa kuliko vyote, mwavuli. Wachungaji wa Kisukuma waliohamia bonde hili wanaikabili mvua na mwavuli mweusi mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, na vijana wa mjini wanawacheka: "Babu, mwavuli porini?" Ndiyo, porini. Mwavuli unakinga kichwa, mabega na sehemu ya mzigo, na kuanzia kifuani kwenda chini umeacha upepo upite utakavyo. Hakuna koti la bei yoyote linalopitisha hewa kiasi hicho. Ubaya wake ninaujua: unakula mkono mmoja, haufai kichakani, upepo ukija unageuka bakuli, na radi ikianza ukiwa kwenye ukingo wa mlima inabidi uufunge na kushuka haraka. Lakini kwa njia ya bondeni, mvua inayoshuka wima, sijaona cha kuushinda.

Cha pili ni kiroba cha mbolea, kile chenye mfuko wa nailoni kwa ndani. Unaingiza pembe moja ya chini ndani ya pembe ya pili, kinakuwa kofia yenye mkia unaofunika mgongo hadi makalioni. Mbele kuko wazi na mikono iko huru. Anayepandikiza mpunga ameinama, mvua inampiga mgongoni, na hapohapo ndipo kiroba kilipo. Macintosh alipata hataza. Aliyebuni vazi hili hakupata hata asante. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ipigwe marufuku Juni 1, 2019, na zile kofia za rambo zikatoweka, kiroba hakina mshindani.

Kama una pesa kidogo ya kuongeza, ongeza kwenye joho la turubai jepesi lenye tundu la kichwa na pande zilizo wazi, linalomfunika mtu pamoja na begi lake. Jioni linafungwa kati ya miti miwili, linakuwa paa. Askari wa majeshi mengi wamelitumia hivyo kwa vizazi.

Hapa mpinzani wangu ananikaba: unatuambia tulowe, halafu mlimani tufe kwa baridi? Swali ni zuri, na ndilo linalonifanya niandike kwa ukali. Baridi inaua, hata katika nchi ya jua. Kila mita 100 unazopanda joto linapungua kama nyuzi 0.6, kwa hiyo kutoka bondeni hadi mita 1,800 umepoteza nyuzi 6, na juu kule upepo hauna kizuizi. Maji yanaondoa joto mwilini kwa kasi mara 25 hivi kuliko hewa. Machi 1964 vijana 3 walifariki katika mashindano ya kutembea ya Four Inns huko Derbyshire, Uingereza, na Griffith Pugh, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa kwenye msafara wa Everest wa 1953, akachunguza vifo vile. Alichokikuta ni nguo zilizolowa, upepo na uchovu kwa pamoja. Si lazima kuwe na theluji. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 mtu anatetemeka, anaanza kujikwaa, maneno yanamvurugika, na wenzake wanadhani amechoka tu.

Lakini angalia ni nani anayefika juu katika hali hiyo. Ni yule aliyepanda amefunga koti hadi shingoni, fulana yake imejaa jasho, akafika kileleni akasimama. Jasho lilelile lililompika bondeni sasa linamgandisha. Koti halikumkinga, limembebea maji hadi mahali penye upepo.

Cha kumwokoa ni sweta kavu. La sufu likipatikana, kwa sababu sufu hata ikilowa huhifadhi joto kuliko pamba, na mitumba yake imejaa sokoni kwa bei ya kawaida. Lifunge ndani ya nailoni, fundo mara mbili, liweke chini kabisa ya begi, na usilivae unapotembea hata ukishawishika vipi. Panda ukiwa na fulana moja, ulowe, usikie baridi kidogo. Ukisimama kulala au kungoja, vua kila kilicholowa, vaa sweta, na sasa ndiyo lichukue lile koti lisilovuja ulivae juu yake. Hapo lina kazi, maana hutoki jasho tena. Watu wanalivaa wakianza safari na kulivua wakifika, wakati lilipaswa kwenda kinyume chake.

Miguuni kosa ni lilelile. Gambuti ni nzuri kwenye tope la shamba. Kwenye safari yenye vijito vya kuvuka, maji yakishaingia kwa juu hayatoki, unatembea na kisima kila mguu. Katambuga za tairi zinaingiza maji na kuyatoa hatua ya pili. Hata jeshi la Marekani lilipoingia misitu ya Vietnam lilivaa buti zilizotobolewa matundu ubavuni ili maji yatoke. Na anayekwambia kikombe cha gongo kinapasha mwili mlimani, mkatalie: pombe inafungua mishipa ya ngozini, unahisi moto huku joto la ndani linakutoka.

Koti zito lina watu wake, na sitaki kuwanyang'anya. Dereva wa bodaboda anayekatiza upepo bila kusogeza mguu, mlinzi wa usiku langoni, mvuvi aliyekaa kwenye mtumbwi Ziwa Rukwa: hao mwili hautoi jasho jingi, mvua na upepo ndivyo vinavyowapiga. Wavae mpira na wasione haya.

Wanaonikera ni wakubwa wanaonunua vifaa vya askari wa doria kwa mkupuo, wakachagua koti kwa uzito wa kitambaa na kung'aa kwa vifungo, kisha wakashangaa kulikuta limeachwa kambini. Kabla ya kusaini ununuzi wa Novemba ijayo, mvalisheni mmoja wa askari hao koti lenyewe siku isiyo na mvua, apande Lyamba kwa saa moja na mzigo wake. Ipimeni fulana yake kwenye mizani ya dukani kabla ya kupanda na baada ya kushuka, mwandike uzito wote mbele ya muuzaji, ndipo mzungumze bei.