Mkono wa Mpishi na Kipimo cha Jeshi

Mwezi uliopita, katika harusi moja mtaani kwetu, tulipakuliwa pilau iliyokuwa uji katikati na makaa chini, tena chumvi kali kama maji ya bahari. Wageni walinong'onezana kwamba mpishi hana mkono. Mimi nasema mkono anao, kwani nimekula kwake nyumbani nikajiramba vidole. Alichokosa ni kipimo. Alichukua pilau ya watu kumi akaizidisha mara thelathini, mchele, maji na chumvi, akadhani kazi imekwisha.

Ndugu msomaji, chakula cha halaiki hakipikwi hivyo. Sufuria kubwa haipotezi maji kwa mvuke kadiri ya sufuria ndogo thelathini, na moto wake haupandi juu upesi. Kupikia watu mia ni ufundi mbali, na waliouandika vizuri ni wanajeshi.

Katika Vita vya Crimea, mwaka 1855, mpishi Mfaransa Alexis Soyer, aliyekuwa na sifa kubwa London, alizuru hospitali ya askari wa Uingereza huko Scutari, ng'ambo ya Istanbul. Alikuta nyama ya kila kundi imefungwa kwenye kibao na kutiwa alama, mara kifungo kikuukuu, mara mkasi, ili isipotelee katika chungu cha wote. Ilikazwa kamba hata ndani ikabaki mbichi. Supu yake, yenye nguvu zote, ilimwagwa! Soyer alileta jiko lake la chuma lisilokula kuni nyingi, akaandika mapishi ya watu 50 na ya watu 100, kila kitu kwa ratili yake.

Wamarekani nao wana kadi zao. Kila kadi ni ya watu 100: uzito wa kila kitu, joto la tanuri, dakika za kungoja. Hata zilipohamia kwenye kompyuta hesabu ilibaki 100. Kijana aliyeingia jeshini jana aweza kuisoma akalisha kambi.

Kuna watakaocheka waseme, chakula cha jeshi nani amekisifu? Kweli, askari wa Marekani wenyewe wameitungia jina la matusi ile nyama yao ya mchuzi mweupe juu ya mkate. Lakini wanaishiba, na hawalali na matumbo mabovu.

Sisi tusicheke. Kariakor hapa Nairobi inakumbusha Carrier Corps, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918. Wengi wao hawakuzoea unga wa mahindi, nao waligawiwa unga wa chengachenga, vyombo haba, kuni zimelowa, safari inangoja. Waliula nusu mbichi. Kuhara damu kukawazoa kwa maelfu, na maradhi yakaua wapagazi wengi kuliko risasi. Ladha haikuwa na neno pale. Uji uchemke muda gani, na nani asimame auangalie, hilo ndilo lililokuwa uhai wa mtu.

Nami nina kovu langu. Nilipokuwa katika shule ya bweni, mpishi wetu mzee alistaafu akaenda zake na githeri yake kichwani. Aliyemfuata hakuachiwa hata karatasi. Juma la kwanza maharagwe yalishuka motoni kabla ya wakati wake, na usiku ule bweni zima lilipanga foleni chooni.

Wengine huniambia kupima ni uzungu. Hebu! Kibaba ni cha nani? Pishi, yaani vibaba vinne, ni ya nani? Wazee wetu walipima, ila hawakuandika, na wapishi wetu wa harusi na matanga wanakufa mmoja mmoja na hesabu zao.

Jumamosi nilimpelekea mizani yule mama wa pilau. Alicheka sana. "Mwanangu, umekuja kuupima mkono wangu?" Nikamwomba achote konzi yake ya chumvi aiweke juu ya sahani. Gramu 55. Akachota tena: 70. Akaitazama ile sindano kwa muda, akaacha kucheka, akamwita binti yake alete daftari.